Kusomwa Mara ya Kwanza

3 Februari

Mdogo wangu Kengele,

Wananchi wakuite Mheshimiwa, nawaruhusu. Mimi niliyekubeba mgongoni huku ukilia mpaka majirani wakakupachika jina la Kengele nitaendelea nalo hilohilo. Hujambo lakini? Nilikuona ukiapishwa kwenye televisheni ya sebuleni, nikiwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Koti limekupwaya mabegani. Tafuta fundi.

Mimi ni mzima. Mgongo unauma kidogo, lakini tumeshazoeana. Mama anakusalimu sana. Magoti yake hayajambo, tatizo sasa ni macho. Nilipokwenda likizo mwisho wa mwaka aliniangalia kitambo kizima, na mwishowe alinijua kwa sauti. Daktari anasema jicho la kulia limeshakwenda na la kushoto linafuata taratibu, na dawa ya kulirudisha hakuna.

Usishangae kwamba naandika badala ya kupiga simu. Simu yako siku hizi anapokea karani, na ukipokea wewe unanikatiza. Kwenye karatasi utasubiri zamu yako.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ulisimama juu ya gari na kipaza sauti, ukasema, "Nikiingia tu, kila mfanyakazi wa ndani atapata siku yake ya mapumziko kila wiki." Nilikuwepo. Nilikuwa nimetumwa sokoni, nikasimama pale na kikapu kitupu nikalia. Basi tangu uapishwe, kila asubuhi tukikutana nje kumwaga taka, wenzangu wananiuliza, "Dada yake Mheshimiwa, vipi ile siku yetu?" Yaya wa nyumba ya jirani ndiye hanipi pumzi. Analea watoto wa watu huku wake analelewa na bibi yake. Nawaambia wamwache mwanaume akae kwanza, hata kiti hakijapata joto.

Lakini nami moyoni nauliza. Kwa Mama ni safari ya asubuhi moja tu kwa basi. Nikiwa na siku moja kwa wiki ningekaa naye, anitazame mpaka achoke, kabla giza halijamfunga. Ni hilo tu. Barabara sikuombi.

Ni mimi dada yako.


26 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nami ni mzima, ila usingizi umekuwa wa kuchungulia tu. Wifi yako na watoto wanakusalimu, na koti nimelipeleka kwa fundi. Habari ya macho ya Mama imeniuma. Nilikuwa nadhani ni miwani tu.

Ofisi niliyopewa tunakaa wabunge watatu, na mlango wake haufungi mpaka uuinue kidogo kwa goti. Nje kuna benchi, na benchi halikauki watu. Juzi alikuja mzee mmoja kuulizia daraja lao. Nikamwambia, baba, mimi nina wiki chache tu hapa. Akanijibu, "Sisi tulikupigia kura kwa siku moja." Nilimwagizia chai, akainywa, akaondoka bila daraja.

Nilidhani mtu akiingia humu anapewa kisu na mkate. Kumbe unapewa namba, unapanga foleni. Hata hivyo, nina habari njema. Muswada wetu umekubaliwa, umepigwa chapa, na wiki ya pili ya Machi utasomwa mara ya kwanza. Weka redio karibu. Nitakuwa nimekaa safu ya nyuma kabisa, lakini jua kwamba nipo, na ni kwa ajili yako.

Mdogo wako.


17 Machi

Kengele, Kengele, Kengele!

Salamu zote za dunia zikufikie, wewe na wifi na watoto, na huyo fundi wa koti pia. Mgongo hauumi leo.

Nilikuwa namenya vitunguu, mara redioni wakasema, "Muswada wa Mapumziko ya Wafanyakazi wa Ndani umesomwa." Niliacha kisu hapohapo. Mama mwenye nyumba aliingia akanikuta nalia, nikamwambia ni vitunguu. Jioni niliwaambia wote kule kwenye taka: imesomwa! Yaya akauliza, "Imesomwa kabisa?" Nikamwambia, ndugu yangu aliniandikia kabla, tena alikuwemo humohumo. Alinikumbatia na ndoo yake ya maganda mkononi.

Basi jana Jumamosi nilimwendea mama mwenye nyumba, kwa adabu, mikono nyuma. "Mama, kesho sitakuwepo, ni siku yangu, sheria imesomwa." Aliniangalia, akaendelea kunywa chai yake. Nilidhani ameridhika. Humu ndani, mdogo wangu, akisema yeye mara moja kwamba taa zizimwe, zinazimwa, hakuna mara ya kwanza na ya pili. Nikajua na serikali ni vivyo hivyo. Leo Jumapili tukatoka, mimi na yaya na wengine kadhaa, tumevaa nguo zetu wenyewe. Tulicheka njiani kama wasichana.

Nilimkuta Mama amekaa dirishani. Nikamwosha nywele, nikamsuka. Kisha akanivuta kwenye mwanga, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Umezeeka wewe," akasema. "Na una kovu hapa, la nini?" Nikamwambia ni mafuta ya moto, zamani. Alikuwa hajawahi kuliona. Tulikaa hivyo mpaka basi la mwisho likaanza kupiga honi.

Mungu akuweke. Sikuwahi kujivunia mtu kama ninavyojivunia wewe leo.

Dada yako.


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi ni wazima, nitakupa habari za nyumbani siku nyingine, maana barua yako imenitoa jasho.

Bado siyo sheria. Tafadhali sana isome mstari huu mara mbili. Kusomwa mara ya kwanza maana yake karani alisimama, akasoma jina la muswada, jina tu, akakaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nasafisha koo, ikawa imekwisha. Sasa unakwenda kwenye kamati, wauchambue na waite watu watoe maoni. Ukirudi unasomwa mara ya pili, hapo ndipo tunajadili. Kisha vifungu, kimoja kimoja. Kisha mara ya tatu, kura, halafu usainiwe. Kila hatua ina foleni yake. Wiki iliyopita hatukufanya lolote kwa sababu akidi haikutimia, yaani viti vilikuwa vingi kuliko watu.

Nilikuandikia kama mtu anayejua mambo, nikasahau kwamba nami miezi miwili iliyopita nilikuwa sijui. Ningekueleza. Usitoke tena Jumapili, na wenzako waambie. Mwombe radhi mama mwenye nyumba, mwambie kosa ni la mdogo wako.

Nijibu haraka.

Mdogo wako.


20 Juni

Mdogo wangu,

Hamjambo? Watoto wanaendelea na shule? Mimi sijambo. Mama hajambo, ila sasa anamimina chai kwa kuingiza kidole kikombeni ajue imefika wapi, nami namgombeza kila ninapomwona.

Barua yako ilichelewa kunifikia. Kuanzia sasa andika kwa jina la mlinzi wa geti, kwa sanduku la posta nililoandika nyuma ya bahasha. Yeye ni mtu mwema, atanipa.

Yaya wa jirani alifukuzwa. Vitu vyake aliwekewa nje ndani ya mfuko wa plastiki. Nao wengine wamerudi kazini kwa kuomba na kupiga magoti, na tukikutana wanatazama pembeni. Mmoja aliniambia, "Ndugu yako kasoma, sisi tumesomeka." Nilicheka, kwa sababu ni utani mzuri, halafu nikaenda kulia chooni.

Hebu niambie, hiyo mara ya pili ni lini? Sisi shuleni aliyehitaji kusomewa jambo mara tatu alikuwa anakalishwa mbele kabisa, karibu na ubao. Nyinyi mnapewa viti vya kuzunguka.

Dada yako.


15 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mtoto wa kwanza ameng'oka jino, amelificha ndani ya kiatu changu, nikaenda nalo kazini. Hizo ndizo habari za kuchekesha nilizonazo.

Muswada umo kwenye kamati. Wamekuja waajiri, wamekuja wanasheria, wamekuja viongozi wa dini. Wafanyakazi wa ndani tuliwaalika pia, wakaja wawili, kwa sababu kikao kiliwekwa siku ya kazi, na wao kila siku ni siku ya kazi. Hilo lilinigonga nikiwa nimeshakaa kwenye kiti. Sasa tunarekebisha maneno machache ili upite. Ni maneno tu. Haba na haba.

Jimboni nilizomewa. Walikuwa wanashangilia mpira, wakaniona, wakageuka wote wakanizomea mimi. Kijana mmoja alipaza sauti, "Tulikutuma dukani, umelala njiani!" Siwalaumu. Niliwaambia "nikiingia tu." Neno hilo "tu" ndilo linalonitafuna, maana ndilo waliloshangilia.

Dada, jambo jingine. Nilipiga simu ya pale nyumbani kwa bosi wako wiki iliyopita. Ilipokewa na mwanamke nisiyemjua, sauti ya mtu mzima, akasema umekwenda sokoni. Ilikuwa usiku baada ya chakula. Soko gani hilo? Na kwa nini barua zako zipite kwa mlinzi?

Mdogo wako.


2 Septemba

Kengele,

Salamu kwa wote, na hilo jino litupeni juu ya paa, msilichezee.

Umeuliza, basi nitakujibu, ingawa nilijiapiza nisikuongezee mzigo. Nilifukuzwa Jumatatu ileile baada ya Jumapili yetu. Mama mwenye nyumba hakupiga kelele. Alisema, "Kwa kuwa una sheria yako, nenda ukaishi nayo." Yule uliyemsikia kwenye simu ndiye aliyechukua nafasi yangu. Mlinzi alimfundisha kusema niko sokoni, ili usishtuke. Walinihurumia wote wawili, na ndiyo maana barua ya Machi ilikaa kibandani kwake muda mrefu: hakujua nimehamia wapi.

Sasa tumepanga chumba kimoja, mimi na yaya. Mtoto wake amekuja kuishi nasi, anatufundisha nyimbo za shule alfajiri, kwa nguvu, kila siku. Nafua na kupiga pasi nyumba hadi nyumba, naingia asubuhi na kutoka jioni, na yaya vilevile. Ni kazi ya kuchosha na haina siku ya Jumapili pia, kwa sababu ukikosa siku moja wanamwita mwingine. Nilitoka mara moja mwezi wa sita, nikapoteza nyumba moja. Kwa hiyo Mama nimemwona mara chache tu tangu wakati ule, na mara ya mwisho alinitazama akakosea, akaniita kwa jina la shangazi.

Nimekukasirikia? Mwanzoni sana. Nilikuwa nasema moyoni, amesoma miaka yote ile, ameshindwa kuniambia kwamba kusomwa siyo kupita. Kisha nikasema na mimi ningeuliza. Nilipenda kujigamba mbele ya wenzangu, nikakimbia na nusu ya habari.

Ila Jumapili ile siijutii, nikwambie ukweli. Nilijichukulia siku isiyokuwa yangu, nami sikujua. Ndiyo siku ya mwisho Mama aliyoniona sura.

Malizeni hayo maneno machache. Wenzangu walio ndani wanasubiri, na mimi siwezi kupita mtaa ule uso juu mpaka yaishe.

Dada yako.


19 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Niliisoma barua yako ofisini, nikauinua mlango kwa goti nikaufunga, nikawaacha watu kwenye benchi. Nililia. Wenzangu wawili walijifanya wanatafuta karatasi.

Muswada umepita. Umesomwa mara ya pili, umesomwa mara ya tatu, umesainiwa. Safari hii ni sheria ya kweli, inaanza kazi mwezi ujao. Siku moja ya mapumziko kila wiki, na mtu asifukuzwe kwa kuichukua. Utaisikia redioni na watu watanipigia makofi.

Sasa lile nililokuwa nakwepa tangu Julai. "Maneno machache" niliyokutajia yalikuwa ni kifungu kizima. Waajiri walisema anayelala kwao ni kama mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hapewi likizo ya nyumba yake. Kamati ikawasikiliza. Nilipotafuta watu wa kuniunga mkono sikuwapata. Niliambiwa waziwazi: waondoe wanaolala kwa mwajiri, au muswada ufe wote, usubiri bunge lijalo. Nilikubali. Nilinyanyua mkono wangu mwenyewe. Kata pua, uunge wajihi.

Kwa hiyo sheria inawahusu wanaoingia asubuhi na kutoka jioni. Inakuhusu wewe sasa, na yaya. Haimhusu aliyechukua nafasi yako, wala wale wa kwenye taka.

Nilijiambia kwamba kidogo kinachopatikana ni bora kuliko kingi kinachosubiriwa. Bado naamini hivyo asubuhi. Jioni siamini. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa barua utakayonijibu.

Mdogo wako.


8 Novemba

Kengele,

Salamu nitakuwekea mwisho leo. Zikitangulia nitakuwa mnafiki.

Barua yako niliisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Unaniambia kata pua uunge wajihi. Pua uliyoikata siyo yako. Wewe unayo, tena ndefu, ya ukoo.

Nimekasirika, sikufichi. Nimekasirika na wewe, na zaidi na mimi, kwa sababu nilipofika pale unaposema sheria inanihusu, moyo uliruka kwa furaha kabla sijamkumbuka mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimeshapanga basi la kupanda. Kwa hiyo najua ulivyonyanyua mkono. Labda hata mimi ningeunyanyua. Yaya ananiambia nisikuonee: Jumapili iliyopita alilala mpaka jua likaingia chumbani na mtoto wake kifuani, na hakuna aliyewagongea mlango. Hilo umelifanya wewe, nalo ni kubwa. Nimeliandika ili usiseme sikuliona.

Lakini sikiliza kilichotokea. Mlinzi alipoleta barua yako alikuwa na ujumbe kutoka kwa yule wa jikoni, aliyechukua nafasi yangu. Amesikia redioni kwamba sheria imepita. Ananishukuru. Anasema Jumamosi atamwendea mama mwenye nyumba amwambie, "Kesho ni siku yangu."

Niliacha pasi ya watu ikiwa ya moto, nikaenda. Nilimwita kwenye geti. Alikuja anafuta mikono, anatabasamu, tena ni mtu mzima kama mimi, ana wajukuu. Nikashika vyuma, nikamwambia usitoke. Akasema, "Si imepita?" Nikasema imepita, lakini haijakufikia. Akauliza, "Imepita wapi, basi?" Mimi niliyewaambia wenzangu tokeni, nilisimama pale nikimbembeleza mwenzangu abaki ndani. Aliniangalia kama vile mimi ndiye niliyemnyima. Akageuka akarudi jikoni, na mlinzi akajifanya anafagia.

Jumapili nilikwenda kwa Mama. Ilikuwa siku yangu halali, mara ya kwanza maishani, na nyumba ninazofua hazikuthubutu kusema neno. Mama haoni tena. Alinishika uso kwa mikono miwili, akalitafuta lile kovu mpaka akalipata. Akaniuliza siku hii nimepewa na nani. Nikamwambia, na mwanao. Alifurahi mpaka akasimama, akataka kwenda kuwaambia majirani, nikamshika mkono. Kisha akakaa, akafikiri kidogo.

Haya, salamu sasa. Mimi ni mzima. Yaya na mtoto wake wanakusalimu, wasalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu sana, na baada ya kufikiri aliniuliza, "Na wenzako je?" Nimemwambia utakuja kumjibu mwenyewe.

Dada yako.